Nje hakojoi, akirudi ndani analowesha zulia

SWALI: Daktari, naomba msaada. Nina mtoto wa mbwa, dume, wa wiki 11. Namtoa nje mara nyingi tu, nakaa naye hata dakika 20, lakini yeye ananusa majani na kukimbiza wadudu. Nikiona hana haja namrudisha ndani, na hapo hapo anakojoa kwenye zulia. Nimemgombeza, nimemsugua pua kwenye mkojo, nimemchapa kidogo kwa gazeti. Sasa ameanza kwenda kujisaidia nyuma ya kochi. Je, anafanya makusudi ili kunikomoa? Na nimpunguzie maji?

JIBU: Hakukomoi. Amejifunza, ila alichojifunza sicho ulichotaka kumfundisha.

Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde hiyo hiyo. Unapomkuta na kumsugua pua, haelewi kwamba kosa ni zulia. Anachoona ni mkojo, na wewe umesimama hapo umekasirika. Hitimisho lake: nikikojoa huyu akiwa karibu, naumia. Ndiyo maana nje anabana, kwa sababu uko naye. Ndiyo maana pia amegundua nyuma ya kochi, mahali usipomwona. Matatizo yako mawili ni tatizo moja. Na ile sura ya mkosaji, masikio chini na mkia katikati ya miguu, si majuto. Anaisoma sauti yako na namna ulivyosimama, basi anaogopa.

Kwa hiyo gazeti liweke kando, na pua yake iache. Ukimkuta ameshamaliza, safisha kimya kimya. Ukimkuta katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja kwa wepesi, mwite kwa sauti ya kawaida, mbebe mtoke.

Sasa tuje kwenye zile dakika 20, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Kwa mbwa wa umri huo, nje ni tamasha. Ukimwachia azurure, anasahau kabisa kilichomtoa ndani. Mfunge kamba, mpeleke mahali pamoja palepale kila safari, kisha simama. Usimsemeshe, usicheze naye, usishike simu ukamsahau. Mpe dakika 5 hadi 10. Asipofanya kitu, mrudishe ndani lakini usimwachie. Hili ndilo linalorukwa. Mshike mapajani, au funga kamba yake kiunoni mwako, au mtie kwenye kizimba chake, kwa robo saa hivi. Kisha toka naye tena, mahali palepale. Siku ya kwanza mnaweza kurudia hivyo mara kadhaa mpaka uchoke. Atakojoa tu, kibofu cha mbwa mchanga hakina ubishi wa muda mrefu.

Akianza, nyamaza mpaka amalize. Ukishangilia mapema anakata katikati, na iliyobaki anaimalizia kwenye zulia lako. Akimaliza tu, msifu na umpe kitu kitamu hapo hapo mlipo. Ukingoja mpaka mkiingia ndani ndipo umpe, ataona amezawadiwa kwa kuingia ndani. Halafu mwachie acheze kidogo. Ukiwa na mazoea ya kumrudisha mara tu anapokojoa, mbwa mwerevu anang'amua kuwa mkojo ndio unaokatisha starehe, anaanza kuchelewesha kwa hila.

Kuhusu nyakati: akiamka, mtoe. Akimaliza kula, mtoe ndani ya dakika 5 hadi 30, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa nao huanza kusukuma. Akiwa mchezoni ghafla akaacha mdoli, akashusha pua sakafuni na kuanza kuzunguka, hapo huna dakika, una sekunde. Kuna kipimo cha kukadiria: miezi ya umri wake jumlisha moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mchana. Wako anakaribia miezi 3, kwa hiyo kwa makadirio haifiki hata saa 4, tena akiwa ametulia. Akiwa macho na anacheza, mtoe kila nusu saa hadi saa moja. Usiku mtegemee kuamka mara moja au mbili; mtoe bila mazungumzo, mrudishe alale.

Maji usimnyime. Waweza kuondoa bakuli saa moja hivi kabla ya kulala, lakini mchana liwepo muda wote. Kinachosaidia zaidi ni kumlisha kwa saa maalumu, mara 3 kwa siku, badala ya kumwachia chakula kutwa nzima.

Nyuma ya kochi pasafishe kwa uangalifu, kwa sababu pua yake inasoma pale ambapo wewe unaona pamekauka. Kausha kwa kitambaa kwa kukandamiza bila kusugua, kisha tumia sabuni yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo. Epuka sabuni zenye amonia: mkojo wenyewe ukioza hutoa amonia, kwa hiyo unamwongezea harufu ya choo. Na klorini ya kufulia nguo usiimwage juu ya mkojo wala kuichanganya na amonia, hutoa gesi yenye sumu. Ukimaliza, ziba njia ya kwenda huko, au anza kumlishia hapo hapo. Mbwa hapendi kuchafua anapolia chakula.

Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikiwa kikubwa mno anageuza kona moja kuwa msala. Na usimfungie saa nyingi mpaka ajichafue, maana akizoea kulala kwenye uchafu wake kazi yako inakuwa ngumu mara mbili.

Jambo la chanjo: mfululizo wake kwa kawaida haukamiliki kabla ya wiki 16 hivi, na virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika kwa mbwa wachanga, hukaa ardhini muda mrefu. Mahali pake pa haja pawe uani kwako, pasipopita mbwa usiowajua.

Ukifuata haya utaona nafuu, ingawa ajali za hapa na pale zitaendelea kwa miezi kadhaa. Lakini ukiona anakojoa kidogo kidogo kila wakati, anajikamua, ana damu kwenye mkojo, anajilamba sana sehemu za siri au analowesha kitanda akiwa usingizini, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiweza, kinga mkojo wa asubuhi kwenye chombo safi kikavu uufikishe siku hiyo hiyo, na usimpe dawa yoyote ya binadamu wakati unasubiri.