Mkuu, usinunue seti ya salmoni kwa ajili ya trauti wa Kiwira!

Mkuu, hiyo hela usiitoe kwanza. Umeuliza kama seti ya kuvulia salmoni uliyoonyeshwa dukani, yaani fimbo, rili (kifaa cha kuzungushia mshipi) na nailoni ya milimita 0.60, itafaa kwa trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mto Kiwira kule Rungwe. Mimi nilipofika penye hiyo nailoni damu ilichemka, maana seti kama hiyo niliuziwa kwa maneno hayohayo: trauti na salmoni ni ndugu, basi vifaa ni vilevile.

Undugu upo, sikatai. Trauti wa upinde wa mvua yuko jenasi moja na salmoni wa Pasifiki. Lakini salmoni anayepanda mtoni kutoka baharini anakwenda kutaga, na kwa kawaida huwa ameshaacha kula. Akikiuma kijiko kinachong'aa (chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko), mara nyingi ni kwa sababu kimemchokoza. Halafu tazama maumbo: mwaka 1985, mto Kenai kule Alaska, alivuliwa salmoni aina ya Chinook mwenye kilo 44. Anayekwenda kupambana na samaki wa namna hiyo ana sababu ya kubeba fimbo ngumu na mshipi mnene. Wewe unakwenda Rungwe, ambako ukimtoa trauti wa nusu kilo utapiga picha.

Na kilichoniuma si kununua tu. Muuzaji aliniuliza nakwenda kuvua wapi, nikamtajia Kiwira, akanitazama usoni akaniuzia mshipi wa kufungia ng'ombe. Kufika mtoni, nailoni inatoka kwenye rili imejiviringa, na chambo cha gramu tatu hakina ubavu wa kuivuta. Unarusha kwa nguvu zako zote, kinaangukia miguuni. Nikampigia simu. Jibu lake? Ongeza uzito! Akaniuzia na vijiko vya gramu 30, hela ya pili hiyo.

Sasa pata picha. Maji ya magotini, baridi ya kuuma mifupa, meupe kiasi kwamba changarawe unaziona mojamoja. Trauti kajibanza nyuma ya jiwe, kichwa kaelekeza maji yanakotoka, anangoja wadudu waletwe na mkondo. Unaona kabisa mkia ukicheza. Kijiko cha gramu 30 kikatua: puu! Kivuli kikachomoka kikaingia chini ya ukingo, na dimbwi zima likawa halina samaki asubuhi yote. Mtu anayeuza vitu hivyo kwa ajili ya mto wa milimani ama hajawahi kuusogelea, ama anajua na hajali. Yote mawili yananikera.

Kambale wa bwawa la Mtera anatafuta chakula kwenye tope kwa sharubu na harufu, nailoni nene haimpi shida. Trauti anawinda kwa macho. Kwa hiyo mkuu, kabla ya fimbo, kabla ya rili, kabla ya chochote, chagua MSHIPI MWEMBAMBA: milimita 0.16 hadi 0.20. Ukishaushika huo, mengine yanajipanga yenyewe, kwa sababu mshipi huo hauendani na fimbo ngumu wala rili kubwa. Utalazimika kuchukua fimbo nyepesi inayopinda vizuri, rili ndogo, na spina (chambo bandia chenye kibati kinachozunguka majini) ya gramu mbili hadi nne. Spina hiyo itaruka mbali na kutua bila kelele.

Simama upande maji yanakoelekea, yaani nyuma ya samaki, ukiwa umeinama. Rusha kuelekea juu ya mto, kisha zungusha rili kwa kasi inayozidi kidogo ile ya mkondo ili spina izunguke.

Watakuambia mshipi mwembamba utakatika. Unakatika ukiufunga vibaya na ukikaza breki ya rili kupita kiasi. Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana msuguano unaunguza nailoni. Breki ilegeze, samaki akikimbia mwache akimbie, akichoka ndipo umvute. Na kila baada ya muda pitisha mita ya mwisho ya mshipi katikati ya vidole, kwa sababu mawe ya Kiwira yanaukwaruza. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo, kata kipande hicho ufunge upya kabla hujarusha tena.