Barua kwa mwanangu: ile keki ya maepo uliyoniuliza

Mwangaluka baba,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili na picha nimeiona, nimecheka mpaka mama wa jirani kaja kuuliza kuna nini. Keki imebonyea katikati kama godoro la gesti! Sasa umeniuliza mambo mawili, la kwanza kwa nini imezama wakati vipimo vyangu umevifuata vyote, la pili kwa nini haina ule uchachu wa keki ya nyumbani wakati huko Njombe maepo unanunua kwa ndoo. Nimeona nikuandikie tu, maana kwa voisi ntaongea mpaka bando liishe, alafu hilo la pili kuna kitu inabidi nikiri, na kukiri kwa maandishi ni rahisi kidogo.

Tuanze na kuzama. Umesema maepo uliyamenya ukayasaga mabichi kwenye blenda na kikombe cha maji. Hapo ndo ulipoanza kuharibu baba. Hiyo siyo rojo, hiyo ni juisi, na keki ukiinywesha juisi itakaa mbichi katikati hata uichome kutwa nzima. Rojo linapikwa. Chukua maepo manne ya saizi ya kati, menya, toa moyo na mbegu, katakata vipande vidogo, weka kwenye sufuria na maji robo kikombe tu ya kuzuia yasishike chini, funika, moto mdogo. Dakika kumi na tano, ishirini, yenyewe yanalainika yanatoa maji yake. Sukari usiweke kabisa. Yakishalainika funua uyaponde na mwiko huku yanaendelea kuchemka, na hapa ndo pa kuangalia: pitisha mwiko kwenye kitako cha sufuria kama unachora barabara. Barabara ikifunikwa palepale bado lina maji, acha lichemke. Ikibaki wazi unahesabu moja mbili tatu ndo rojo linarudi polepole, basi, epua. Liache lipoe kabisa, siyo vuguvugu, lipoe. Unatakiwa upate kikombe kimoja na nusu hivi, likizidi kula na mkate.

Lakini hata ungepika rojo vizuri ile keki ingezama tu kidogo, na hilo siyo kosa lako, ni langu mimi niliyekupa vipimo vya Tabora. Unakumbuka mwezi wa sita nilivyokuja kukutembelea, nikaweka maharage asubuhi nikijua mchana tunakula, saa nane bado yanagonga meno? Nikakulaumu umenunua maharage ya zamani. Niliporudi nikamsimulia mdogo wako, si unajua tena yeye na fizikia yake ya kidato cha nne, akaniambia mama maharage hayana shida, shida ni mlima. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Njombe mko kama 2,000. Huko juu hewa inakandamiza kidogo kuliko huku kwetu, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kama nyuzi 93 hivi yameshachemka, ndo maana yanatokota lakini hayaivishi. Sasa ulivyonitumia picha nikamwita nikamuuliza, na keki je? Akasema ndo yaleyale, ile gesi inayoumua keki huko juu inatanuka zaidi kwa sababu hakuna kizito cha kuibana, keki inapanda mbio mbio vipovu vinakuwa vikubwa vinapasuka kabla unga haujashika, inakaa chini. Na wewe mwenyewe umesema ilipanda vizuri sana mpaka ukafurahi. Ndo hapo.

Kwa hiyo vipimo vya Njombe viwe hivi. Unga wa ngano vikombe viwili, vile vikombe vya robo lita, uongeze vijiko viwili vya chakula juu yake. Bekingi soda mimi naweka kijiko kimoja cha chai, wewe weka robo tatu ya kijiko. Sukari naweka kikombe kimoja, wewe punguza vijiko viwili vya chakula, sukari ikizidi nayo inachelewesha keki kushika. Mafuta nusu kikombe, alizeti ni sawa tu, mayai mawili, kama ni ya kienyeji madogo weka matatu, chumvi nusu kijiko cha chai. Rojo kikombe kimoja na nusu. Oveni mimi ningesema nyuzi 175, wewe weka 185 ili ishike mapema, dakika arobaini anza kuichungulia. Na nusu saa ya kwanza mlango usiufungue baba, nakujua wewe, toka mtoto ulikuwa unafunua sufuria za watu.

Soda yenyewe kuna jambo lake. Inaanza kazi palepale inapokutana na uchachu wa rojo, haisubiri moto, ukichanganya utaona inafanya vipovu juu. Kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto na trei imeshapakwa mafuta kabla hujachanganya unga na rojo. Siyo unachanganya alafu ndo unaanza kutafuta trei, alafu simu inaita, ukirudi gesi yote imeshaondoka. Na usizidishe ukidhani itaumuka zaidi, ikizidi keki inakuwa na ladha ya sabuni. Magadi ya kupikia maharage ndo usiguse kabisa, hayo ni mambo mengine.

Kuchanganya kwenyewe hakuna maajabu. Mafuta na sukari, mayai moja moja, rojo, alafu unga uliochekechwa na viungo na soda. Koroga mpaka unga mkavu usionekane basi, ukiendelea inakuwa ngumu kama chapati ya jana.

Viungo sasa, hapa napenda mwenyewe. Mdalasini kijiko kimoja na nusu cha chai. Tangawizi ya unga nusu kijiko. Kungumanga usinunue ya unga, nunua nzima, ukwaruze mwenyewe kwenye grata ile upande wa matundu madogo, robo kijiko inatosha. Karafuu robo kijiko na isizidi hata chembe, karafuu ni kama yule mjomba wa harusini ukishampa maiki hakuna mwingine atakayeongea. Mimi nazikaanga kidogo kwenye kikaango kikavu alafu natwanga, nyumba nzima inajua leo kuna keki. Iliki watu wa pwani wanaipenda, mimi kwenye hii siweki, iliki ni ya maandazi na chai. Mama wadogo zako tumeshabishana sana hapo, wao waweke kwenye keki zao.

Ukitaka karanga, kaanga upondeponde kiganja kimoja utupie. Zabibu kavu za Dodoma pia zinakubali, zigalagaze kwenye unga kwanza ndo zisizame chini zote.

Haya, tuje kwenye uchachu.

Baba, ile keki uliyoila toka unazaliwa haikuwa na maepo. Sikudanganyi. Ni embe bichi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Miaka ya 1980 mwishoni mimi msichana tu, nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa mwalimu mmoja mama wa Kimarekani hapahapa mjini. Yeye ndo alinifundisha, aliniandikia kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile la vyumba vyumba. Akaniambia hii keki bibi yake alikuwa anaipika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 serikali yao ikawaomba watu wabane ngano, sukari, nyama na mafuta ili chakula kiende kwa wanajeshi na nchi rafiki huko Ulaya, na wao maepo wanayo kibao, rojo lake lina utamu wake na unyevu wake kwa hiyo unapunguza sukari na siagi keki inatoka. Mimi hiyo nilimwelewa haraka sana maana sisi wenyewe tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye foleni za sukari na sabuni, bibi yako aliwahi kulala nje ya duka kwa ajili ya kilo mbili. Nikamuuliza sasa mama, epo lenyewe likoje? Akanichorea. Kweli tena, alichora kwenye pembe ya ileile karatasi, nikaona kama pera tu.

Tabora enzi hizo epo ungelipata wapi. Yeye mwenyewe alishahangaika, mpaka siku moja mwezi wa kumi na moja akaangalia nje, si unaijua Tabora, miembe kila kona, wazee wanasema mingine ilipandwa enzi za misafara ya kwenda Ujiji, na maembe yalikuwa bado magumu, watoto wanayala na chumvi na pilipili. Akaniambia tuchume. Tukayamenya, tukayachemsha vilevile na maji kidogo, tukaponda, akaonja akakaa kimya, alafu akasema hili ni rojo la nyumbani kwetu kabisa. Ndo keki ikaingia kwetu hivyo, jina la maepo, mwili wa embe. Na kwenye karatasi imeandikwa maepo, sasa mimi nani nibadilishe.

Mkakua mnaiita keki ya maepo, na mimi nikanyamaza. Baadaye epo zikaanza kuuzwa stendi, zile za Afrika Kusini zilizobandikwa stika, nikawa nanunua moja, moja tu, naikata vipande vyembamba nazungushia juu ya keki kama maua. Vile vipande mlivyokuwa mnagombania! Mwaka ule ulimng'ata mdogo wako mkono kwa ajili ya kipande cha katikati. Hilo ndo lilikuwa epo lote.

Kwa hiyo usishangae yako kutokuwa chachu. Maepo yenu hayo mekundu ni matamu, embe bichi lina ukali. Ukitaka ladha ya kwetu una njia mbili. Njia ya kwanza ukamulie ndimu nzima kwenye rojo likishaiva, na uchague maepo ya kijani au ambayo hayajakomaa sana. Njia ya pili utafute maembe mabichi sokoni, huko ni baridi hayazai lakini wafanyabiashara hawakosi kuyaleta toka kwenye joto. Chagua yale magumu ila ukikata ndani yameanza kugeuka rangi, meupe kabisa ni makali mno na yana utomvu. Changanya nusu kwa nusu na maepo yako. Embe lina nyuzi, ukishaponda lipitishe kwenye chujio, uvivu wa hapo utaulipia wakati wa kula. Na ukitumia embe ile sukari niliyokwambia upunguze, rudisha kijiko kimoja.

Mimi kama unavyojua bado natumia mkaa, sufuria ndani ya sufuria, moto mkubwa juu ya mfuniko na chini vipande vinne vitano tu vilivyoshika majivu. Wewe una oveni shukuru Mungu, ila hizo oveni ndogo za mtumba nyingi zinaunguza juu mapema, ukiona inakuwa kahawia na katikati bado inatikisika, ifunike na karatasi ya foili. Kujua imeiva chomeka kijiti cha mshikaki katikati, kikitoka na chengachenga toa, kikitoka na uji rudisha. Alafu usiikate ya moto. Hii keki kesho yake ni tamu kuliko leo, viungo vinalala ndani vinazoeana, mimi ya sikukuu naipika siku moja kabla nafunga na kitambaa.

Hiyo iliyozama usitupe. Chimba ile mbichi ya katikati uondoe, zile pembeni zikate vipande uzirudishe kwenye oveni zikauke, unachovya kwenye chai.

Umesema Jumapili anakuja mgeni. Mgeni gani huyo wa kupikiwa keki mara mbili kwa wiki moja sikuulizi, ila Jumamosi jaribu kwanza na nusu ya vipimo ndo ujue oveni yako inataka nini. Ukipata mtu wa basi la kupitia Mbeya nitumie maepo ndoo moja, funga na kamba, andika namba yangu kwa maka peni juu ya mfuniko maana safari ile mizigo ilichanganyika nikaletewa viazi vya watu.

Na hili la embe mdogo wako usimwambie, mwaka jana Krismasi bado kakichukua kile kipande cha katikati akakificha kabatini.

Mama yako