Peponi na Maisha ya Tippu Tip: kwa nini nilivisoma kwa pamoja

Ndugu mleta mada, umeuliza ni vitabu gani vya hadithi za kubuni na vya historia tulivyosoma siku za karibuni ambavyo tungewashauri wengine wavitafute. Mchangiaji mmoja amekujibu kwamba riwaya ni ya kupumzishia akili na historia ni ya wanaojiandaa kwa mitihani, hivyo haoni namna ya kuviweka katika orodha moja. Kwa heshima zote kwake, mimi naviweka pamoja kwa makusudi. Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikisoma riwaya moja na kitabu kimoja cha historia vinavyogusa jambo lilelile, na sidhani kama nitarudi kwenye usomaji wangu wa zamani.

Nilianza bila kupanga. Nilikuwa nasafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam kurudi kwetu Tabora, na mkobani nilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Cha pili kilikuwa nakala ya fotokopi, yenye kurasa kadhaa zilizofifia, ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar, ambayo mwenyewe aliyasimulia kwa Kiswahili na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Nilinuia kumaliza kimoja kabla ya kugusa kingine, lakini nilipofika Morogoro nilikuwa tayari navisoma kwa zamu.

Kilichonifanya nishindwe kuviachanisha ni umri wa watoto wawili. Yusuf, kijana wa Peponi, ana miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz. Hajui kwamba baba yake ana deni asiloweza kulilipa na kwamba yeye mtoto ndiye rehani. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, ambaye naye yuko pale kwa deni la baba yake. Hamed naye, katika kurasa za mwanzo za maisha yake, anasema alipofikisha miaka 12 alianza kwenda safari za karibu na jamaa zake kufanya biashara ya sandarusi. (Neno sandarusi sikulijua. Mzee mmoja jirani yetu ndiye aliyenieleza kuwa ni utomvu wa mti uliogandia ardhini, uliokuwa ukichimbwa na kuuzwa ng'ambo kutengenezea vanishi.) Umri ni uleule na njia ni ileile ya kutoka pwani kwenda bara, lakini mmoja anatembea kama mwana wa tajiri anayefundishwa kazi na mwingine kama mali iliyowekwa dhamana. Sikuwahi kuielewa tofauti hiyo, mpaka nilipoziona habari hizo mbili zikiwa juu ya goti moja.

Niseme wazi kwamba Tippu Tip ni msimuliaji hodari. Anakumbuka majina ya machifu, idadi ya siku za mwendo, uzito wa pembe kwa frasila (kipimo cha zamani cha uzito), na nani alimkopesha mali. Anasimulia jinsi alivyompiga mtawala Nsama kule Itahua, na jinsi alivyomshawishi mtawala mmoja kule Kongo, Kasongo Rushie, aamini kwamba wao ni ndugu wa damu kupitia bibi aliyetekwa zamani, hata akaachiwa utawala. Msomaji atavutiwa na ujasiri na werevu huo, na kuvutiwa huko ndiko kunakopaswa kumtia wasiwasi, kwa sababu watu waliobeba zile pembe begani hawana majina katika habari yake. Wapagazi wanahesabiwa, wanatoroka, wanakufa kwa njaa au kwa ndui, na safari inaendelea. Wanawake hutajwa pale ndoa inapofungua mlango wa biashara, kama ndoa ya baba yake na Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa huku kwetu Unyanyembe. Sisi tuliokulia Tabora tumesikia jina la Fundikira tangu utotoni, lakini mimi sikuwahi kujiuliza Karunde mwenyewe aliionaje ndoa ile.

Gurnah anaanzia hapo Hamed anaponyamaza. Yusuf hana bunduki, hana mtaji, hana hata uhakika wa jina la kumwita bwana wake, na kwa kuwa hana cha kutetea anaona mengi. Anaona mnyapara wa msafara anavyowatisha wapagazi, anaona watu wa bara wanavyowapokea wageni kwa hofu na hasira waliyoirithi kutokana na misafara iliyotangulia, na wanapofika kwa mtawala aitwaye Chatu anashuhudia mali yote ikichukuliwa kwa hoja ambayo, kwa maoni yangu, mwandishi ameiachia nguvu yake yote: kwamba wafanyabiashara wa kabla yao walikuja, wakadhulumu, wakaondoka. Sura hizo za safari ndizo bora kuliko zote katika kitabu. Sehemu ya bustani na nyumba ya Aziz huenda taratibu zaidi, na wenzangu wawili katika kikundi chetu cha usomaji walilalamika kwamba Yusuf ni mpole mno, haamui chochote. Mimi naona upole huo ni wa mtu aliyezoeshwa kwamba maamuzi si yake, na mwisho wa riwaya, ambao sitausema hapa, unategemea jambo hilo.

Kuhusu tafsiri, nashauri hata wale waliokwisha kuisoma kwa Kiingereza waisome tena. Watu wa riwaya hii tangu mwanzo walikuwa wakizungumza Kiswahili kichwani mwa mwandishi, na katika Peponi masihara ya barazani na ugomvi wa dukani vinasikika kama vimerudi kwao.

Baada ya viwili hivyo nilibaki na swali: kwa nini deni lilikuwa na nguvu kiasi cha kummeza mtoto? Jibu nililipata katika kitabu cha tatu, cha Abdul Sheriff kuhusu watumwa, karafuu na pembe za ndovu Zanzibar, kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1987. Si kitabu chepesi, kina majedwali mengi ya bei, na sura za mwanzo zinahitaji subira. Lakini majedwali yale ndiyo moyo wa hoja yake. Anaonyesha kwamba katika karne ya 19 bei ya pembe ilikuwa ikipanda huku bei ya nguo za viwandani, pamoja na merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani kilicholetwa na meli za Salem, Massachusetts, ikishuka, na pengo hilo ndilo lililoifanya Zanzibar itajirike kwa haraka na kuisukuma misafara izidi kwenda mbali bara. Pembe ziliishia kwenye vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu huko Ulaya na Marekani. Mfanyabiashara wa msafara hakuwa na fedha yake mwenyewe. Hata Tippu Tip alitegemea mali ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na aliyejulikana zaidi ni Taria Topan. Aliyekopeshwa naye alikopesha wenye maduka ya njiani, na mwenye duka aliyeshindwa kulipa alitafutiwa kitu cha thamani nyumbani kwake. Niliporudi kwenye sura ya kwanza ya Peponi baada ya kusoma hayo, yule baba mwenye hoteli katika mji mdogo wa relini sikumwona tena kama mzazi mwovu tu. Bado sijamsamehe, lakini sasa najua aliyesimama nyuma yake, na aliyesimama nyuma ya huyo.

Kuna jambo jingine dogo lililonigusa mimi mpenda lugha. Katika habari za misafara neno hongo ni ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala ili upite katika nchi yake. Ulijadiliwa hadharani, kwa nguo na shanga, na kila mtu alijua kiasi. Leo neno hilo hilo ni la kificho na aibu. Nimelisoma katika vitabu hivi mara nyingi kiasi kwamba sasa nikilisikia kwenye taarifa ya habari huwa nasita kidogo.

Jozi nyingine niliyoisoma, nayo naipendekeza kwa walimu wa Kiswahili hasa, ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, pamoja na ule mkusanyo wa ushuhuda wa Vita vya Maji Maji uliohaririwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968. Najua tamthilia si riwaya, lakini ni hadithi ya kubuni juu ya mtu aliyekuwapo, yule mganga aliyewaambia watu kwamba maji yake yatawakinga na risasi za Wajerumani. Wengi tuliisoma shuleni kama kitabu cha mtihani, tukakariri wahusika na dhamira, tukaisahau. Ukiisoma ukiwa mtu mzima, yule mtu anayetishwa na neno alilolitoa mwenyewe, kwa sababu limekua kuliko yeye na haliwezi kurudishwa, anatisha kweli. Ushuhuda nao unaeleza kwa maneno ya wazee kile ambacho jukwaani hugusiwa tu: zamu za kulima pamba katika shamba la jumbe, kiboko, mashamba ya nyumbani yakibaki na magugu. Pia utagundua kwamba Kinjikitile wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, ilhali vita viliendelea hadi 1907. Mwandishi wa tamthilia hakuficha kwamba mtu wake si yule wa historia, na kujua alipobadilisha kunakuonyesha alitaka kusema nini.

Kwa anayesoma Kiingereza na aliyeipenda Peponi, riwaya ya Gurnah ya mwaka 2020, Afterlives, inaendelea na enzi ile ya Wajerumani hadi vita vya 1914 na baada yake. Hamza, askari wa hiari anayejutia hiari yake karibu mara tu anapofika kambini, ni mhusika niliyempenda kuliko Yusuf. Isome ukijua kwamba vita vile huku kwetu vilimalizika tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini, na kwamba jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps.

Sasa kuhusu utaratibu, kwa kuwa mleta mada ameomba pia ushauri. Asianze na Sheriff, atachoka. Aanze na Peponi hadi msafara unapoondoka pwani, kisha aiweke kando na asome kurasa ishirini au thelathini za Tippu Tip kwa sauti, maana Kiswahili chake cha "nalikuwa" na "thenashara" (yaani kumi na mbili) hukufungukia sikioni kabla ya kukufungukia machoni. Halafu arudi kwa Yusuf. Nakala ya Tippu Tip ni ngumu kupatikana madukani; mimi niliinakili kutoka maktaba, na maktaba za vyuo vikuu ndizo ningezijaribu kwanza. Kikundi chetu cha watu watano kinaanza Kuli ya Adam Shafi mwezi ujao, kwa ajili ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, na bado tunatafuta kitabu cha historia cha kukisoma sambamba nayo. Mwenye pendekezo, hasa la Kiswahili, naomba aliandike hapa chini.