Vyanzo vingi, hoja haionekani

Ndugu, umesema msimamizi amerudisha insha yako kuhusu elimu ya msingi bila ada Kenya, 2003, kwa kuwa ina vyanzo tele lakini haina hoja. Kila aya yako inaanza na "fulani anasema". Anza na dai lako, sentensi moja ambayo mtu anaweza kuipinga. Fuata na ushahidi, kisha eleza jinsi ushahidi huo unavyothibitisha dai hilo. Hatua hii ya maelezo ndiyo wengi huiruka. Kwa mfano, uandikishaji wa wanafunzi ulipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi 7.2. Takwimu hiyo yaonyesha watoto walifika shuleni, si kwamba walijifunza! Ukidai ubora ulishuka, tafuta uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, kabla na baada. Pingamizi kali zaidi lijibu katikati ya insha, usilisukumie mwishoni.