Banda la ng'ombe wanne kwenye ploti ya 50 kwa 100: anza na pale watakapolala

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama ploti ya futi 50 kwa 100 yenye nyumba tayari itatosha banda la Friesian wanne, na kwamba fundi amekuchorea vyumba vinne vya matofali vilivyozibwa pande zote. Mimi niko Tororo, nafuga ndani mwaka wa tisa huu, na banda nililonalo sasa ni la pili. La kwanza nililivunja mwenyewe kwa nyundo. Mchoro wako ni pacha wa lile.

Fundi wangu alikuwa hodari wa nyumba za watu. Sakafu akaisugua ikang'aa kama ya sebuleni, nami nikamsifu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa jeshi ambaye mtaa mzima tunamwita Afande, alisimama mlangoni akauliza, "Hapa anaingia ng'ombe au bibi harusi?" Nikacheka. Mwezi wa pili, siku ya mvua, mtamba wangu mwenye mimba aliteleza, miguu ya nyuma ikatawanyika kila mmoja upande wake. Daktari wa mifugo alikuja mara mbili. Mara ya tatu aliyekuja ni mchinjaji.

Kwa hiyo sakafu: mawe yashindiliwe vizuri, juu yake zege la inchi 4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kabla halijakauka, likwaruzwe kwa ufagio mgumu na lichorwe mistari ili kwato zishike. Kila futi 10 ishuke kama inchi 3 kuelekea mfereji wa mkojo. Ikiwa tambarare, mkojo unatuama na kwato zinaoza.

Lakini hata ukiipatia sakafu, kosa kubwa la mchoro wako ni ule ukuta wa mbele. Ng'ombe wa maziwa akipata pa kulala hulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Akilala anacheua kwa utulivu, na damu inapita kwa wingi zaidi kwenye kiwele. Sasa nenda kamtazame ng'ombe aliye malishoni anavyosimama. Anainua nyuma kwanza, na ili ainue nyuma lazima arushe kichwa mbele. Ukimwekea ukuta puani hawezi. Wangu walikuwa wanakaa chini kama mbwa, wengine wakagoma kabisa kuingia vyumbani wakalala njiani kwenye samadi. Nikapata ugonjwa wa kiwele mfululizo, nikalaumu mkamuaji, nikambadilisha mkamuaji, kumbe mkosaji ni mimi na futi yangu ya kupimia.

Vipimo ninavyotumia sasa kwa Friesian: kitanda, yaani nafasi ya kulala ng'ombe mmoja, kiwe na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, mbele wazi, pawe na ubao wa chini tu wa kumzuia asijongee mno. Ukingo wa nyuma uinuke inchi 6 hadi 8 kutoka njiani, na kitanda chenyewe kiinamie nyuma kidogo. Juu ya shingo pitisha mti mmoja mlalo, kimo kama futi 4, ukiwa futi 5 na nusu kutoka ukingo wa nyuma. Huo ndio unaomrudisha nyuma anaposimama, mavi yaangukie njiani badala ya kitandani. Usiupigilie misumari ya moja kwa moja. Ufunge kwanza, utazame siku chache, usogeze, ndipo ukaze. Mimi nilisogeza mara tatu.

Matandiko, kwenu Mbale maganda makavu ya kahawa hayakosekani viwandani. Mchanga ni mzuri zaidi kwa kiwele, ila kama unawaza mtambo wa baiogesi (gesi ya samadi) usiutumie mchanga, utatuama ndani ya mtambo na kuujaza. Kipimo changu ni hiki: jiangushe kwa magoti juu ya kitanda. Ukiumia, naye anaumia. Ukiinuka suruali imelowa, basi kiwele nacho kinalowa.

Kati ya vitanda na hori acha futi 10, mmoja akila mwingine apite nyuma yake bila ugomvi. Kwenye hori kila mmoja apate futi 2 na nusu, na sakafu ya hori iwe juu kidogo kuliko anaposimama. Jumla, ukiongeza kizimba cha ndama na mahali pa kukamulia, ni kama futi 25 kwa 24. Ploti yako inaruhusu. Kinachonitia shaka ni majani. Hesabu ya kawaida ni nusu ekari hadi ekari moja ya nepia, kisagazi wanavyoita Waganda, kwa ng'ombe mmoja. Maganda ya matoke yanasaidia, hayatoshi. Kama shamba huna, jenga paa la wanne uanze na wawili.

Paa liwe juu, kuta ziwe wazi. Friesian anaumizwa na joto kuliko baridi, kwa hiyo ziba upande mmoja tu, ule mvua inakotokea kwa upepo, tena kimo cha kifua. Nguzo za mikaratusi zipakwe dawa ya mchwa, la sivyo utajenga tena. Na weka mifereji ya paa na tanki. Bati la ukubwa huo, kama mita 55 za mraba, mvua ya milimita 20 inakupa zaidi ya lita 1,000. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 80 kwa siku. Ukibeba hizo kwa madumu utajuta.

Kupe usiwasahau. Kufuga ndani kunapunguza ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hakuifuti, kwa sababu majani unayokata kando ya barabara huja na kupe wake. Endelea kunyunyiza dawa.

Kabla fundi hajachimba msingi, mpeleke kwa mfugaji yeyote wa karibu saa sita mchana, wakati ng'ombe wameshiba. Ahesabu wangapi wamelala vitandani na wangapi wamesimama. Kisha nitumie mchoro mpya, nitauangalia.