Kilo 5 kwa siku 4? Mie nlijaribu, njoo nikwambie

Juzi usiku kijana wa Kisauni, hapa Mombasa, kaniandikia, "Shikamoo kocha, nina kilo 56, pambano la ngumi Jumamosi, nataka kucheza uzito wa 51, nifanyeje?" Ilikuwa Jumanne. Nkacheka, halafu kicheko kikakatika manake huyo ni mie kabisa miaka ile.

Mie mwili wangu ulikuwa wa 62. Mwalimu wangu wa wakati huo (simtaji, tunasalimiana msikitini mpaka leo) akanambia shuka 57 huko hakuna mtu. Basi nkakata chumvi, nkakata wali, siku mbili za mwisho nkakata na maji. Saa nane mchana, jua la Februari, nimejizungusha nailoni tumboni na mapajani, juu jaketi ya mvua, natoka Tudor mbio mpaka Mama Ngina. Muuza madafu akaniita, "Njoo unywe mwanangu, utalipa siku nyengine." Nkageuza uso, wallahi nlitaka kulia ila hata machozi hayakutoka. Usiku kucha pipi mdomoni natema mate kwenye chupa ya soda. Asubuhi mizani ikasoma nimezidi gramu 150, nkavua mpaka chupi, wakanizibia na taulo, nkapita. Nikajiona mwanamume!

Jioni raundi ya kwanza nlimchapa yule jamaa vizuri tu, watu wa Majengo waliokuwepo wanajua. Raundi ya pili shavu la mguu likakaza, naiona ngumi inakuja, kichwa kinasema ondoka, mwili hausikii. Refa akasimamisha. Hadi kesho nasema yule hakuniweza, mizani ndo ilonipiga. Siku mbili nakojoa rangi ya kahawa.

Na mie nlibahatika. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo Marekani walikufa ndani ya wiki chache, wote wakikata uzito. 2015 mpiganaji Yang Jian Bing wa China, miaka 21, akafa Manila kabla hata ya kupigana, ndo ONE Championship, waandaaji wa pambano lake, wakaanza kupima mkojo kuona kama mtu kajikausha. Mwanamieleka Vinesh Phogat wa India, Olimpiki ya Paris 2024, alikesha akitoka jasho, wakamkata mpaka nywele, bado akazidi gramu 100 na fainali akaikosa.

Vijana, hizo video mnazoangalia ni za maprofeshno, wao wanapimwa siku moja kabla wana usiku mzima wa kunywa. Sie wa ridhaa unapimwa asubuhi unapigana siku hiyo hiyo, hayo maji utayarudisha saa ngapi? Na hata kwao haki iko wapi, mnapimwa nyote 66, kesho yake mwenzio kaingia kashajaa maji kakuzidi kilo kadhaa. Na mkikata nyote basi hakuna alozidiwa, mmedhoofika tu wote na vichwa ni vile vile vinapigwa ngumi.

Cheza uzito wako. Ukitaka kushuka anza miezi miwili nyuma, punguza mahamri na soda, maji usiguse. Narudia, maji usiguse. Na kocha anayekwambia vumilia, muulize yeye atapanda ulingoni na wewe?

Kijana nimemjibu Jumamosi atacheza 57. Kaniandikia, "Lakini kocha, 57 kuna watu wagumu." Nkamwambia najua, njoo kesho Tononoka saa kumi tuwafanyie kazi, na ile jaketi iache nyumbani.