Mtoto aliiba simu, je lazima aozee jela?

*Yaya, jambo sana. Niko mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, nauzisha makala ya kupikia. Mtoto wangu wa miaka 19 aliiba simu ya jirani, simu ilirudishwa, lakini eko mu jela mwezi ya pili sasa na dosie haisongi. Kila siku ya Mungu napeleka bukari na sombe ju kule chakula haitoshe. Mukwe wangu anasema inchi zingine mtoto kama huyu banamupatia kazi ya kufagia ao kulima, analala kwao. Jirani mwenyewe wa simu anasema hiyo ni kubembeleza bezi. Njo kusema hiyo kazi inasaidiaka kweli? (Mama wa Katuba)*

Mama, jambo na pole. Nianze na jirani, maana maneno yake nimeyasikia hata kanisani na hasira yake naielewa, mtu anajinyima miezi na miezi anunue simu halafu kijana wa ng'ambo ya barabara anaibeba. Ila nimuulize kitu kimoja: huyo mtoto ataachiliwa siku moja na atarudi Katuba, kwenye parsele ileile, sasa anataka arudi amejua nini?

Mtoto wa shangazi yangu alifungwa miezi saba ju ya baiskeli, jela gani sitaji. Alipoingia kazi yake ilikuwa kuziba pancha pale kona, basi. Nilienda kumuona nikamkuta amekaa karibu na mfungwa mmoja wanayemwita kapita, ndiye anagawa nafasi za kulala, ukikosa pesa unalala mlangoni mwa choo. Mtoto wetu alikuwa na nafasi nzuri, karibu na dirisha, na hakuwa amelipa hata franka moja. Namuuliza umepata vipi, ananyamaza, anavuta kucha zake tu. Baada ya kutoka haikupita miezi minne akakamatwa tena, na wawili aliojuana nao mule ndani, na safari hii kulikuwa na panga.

Usiseme ni sisi tu. Uingereza, mwaka 2019, wizara ya sheria ililinganisha watu wenye makosa na historia zinazofanana, wengine walifungwa chini ya mwaka mmoja, wengine walipewa adhabu ya kutumikia nje, na waliofungwa walirudia makosa zaidi, tofauti ya karibu watu 4 katika kila 100. Wewe utaona ni ndogo, mimi naiona kubwa, kwa sababu jela ndiyo ilikuwa na gharama zaidi na ndiyo ilishindwa, na yule wa nje hakupoteza kazi wala mama yake hakutembea na sufuria.

Na Afrika hatukungoja Wazungu watufundishe. Zimbabwe ilianza kazi za jamii, adhabu mbadala ya jela, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1997 inchi nyingi zilikutana kulekule Zimbabwe, mji wa Kadoma, kusema nasi tufanye hivyo. Kenya ikatunga sheria yake 1998, Tanzania 2002. Hakimu anamuuliza mkosaji kama anakubali, anampeleka shule ao hospitali, kuna mtu anahesabu masaa yake, asipofika anarudishwa mbele ya hakimu na jela inamngoja. Huyo mtu wa kuhesabu ndiye roho ya kitu chote mama, bila yeye ni karatasi tupu, mkosaji anasaini asubuhi anaenda zake, na hapo jirani yako atakuwa na haki ya kucheka.

Sasa mtoto wako. Hajahukumiwa bado, na Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni na kumshikilia mtu ni jambo la nadra, nje ya kanuni. Kwa hiyo muombe avoka, yaani wakili, apeleke maombi ya liberte provizuari, mtoto aachiliwe kwa muda akingoja hukumu, mara nyingi kuna kosio ya kulipa, ni pesa ya dhamana. Wizi wa kawaida, bila kuvunja nyumba wala kupiga mtu, adhabu yake ya juu ni miaka 5, na hakimu akitoa kifungo kisichozidi mwaka mmoja kwa mtu asiye na makosa ya zamani anaweza kukiweka kwenye sursi, yaani mtoto analala kwako na akirudia kosa ndani ya muda aliopewa anakitumikia. Na hata akifungwa, akimaliza robo ya kifungo, ikiwa imepita miezi mitatu, anaweza kuombewa kutoka kwa masharti. Watu wanaozea ndani na haya mambo yameandikwa toka zamani, inaniuma sana. Kasapa, jela yetu ya Lubumbashi, ilijengwa kwa watu 800 na hesabu hiyo ilishapita zaidi ya mara mbili!

Nenda kwa jirani leo jioni, na heshima zote, umuombe aandike kwa mkono wake kwamba simu ilirudi.

*Yaya, kuluna, wale vijana wa magenge ya barabarani, wanapelekwa Kaniama Kasese, kwenye mashamba ya Service National ya serikali, kulima mahindi, tunapata unga. Si ndiyo adhabu mbadala hiyo? (Kijana wa Kampemba)*

Mdogo wangu, kulima ni kazi ya heshima na wako waliojifunza ufundi kule. Lakini tangu 2020 vijana wengi walikamatwa barabarani Kinshasa na kupelekwa kule bila hakimu kuwasikiliza, na mama zao hawakuambiwa ni kwa muda gani. Adhabu inaanzia mbele ya hakimu, na kosa lenye jina, na siku ya mwisho inayojulikana. Akikosekana hakimu mimi siiiti adhabu mbadala, hata ilete unga kiasi gani.

*Mwizi alibeba balo yangu ya salaula, nguo za mitumba. Akifagia barabara, mimi ananilipa nani? (Muuzaji, soko ya komini Kenya, hapa Lubumbashi)*

Yeye mwenyewe, na akiwa nje ndipo anaweza, maana ndani hapati hata ya sabuni. Jiandikishe kama mwenye kudai kwenye kesi ileile, uombe hakimu aweke malipo pamoja na hukumu, hata kidogokidogo kila mwezi. Beba bordero ya balo, ile karatasi ya kununulia, hata ile ya kuandikwa na bic, na mtu mmoja aliyekuona ukiifungua siku ile.